Safari ya Freddy, siku kwa siku

6 Februari 2023

Leo kimepewa jina. Mawingu ya radi yaliyokuwa yakijikusanya kusini mwa visiwa vya Indonesia, mkabala wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Australia, yamejipanga kuzunguka kitovu kimoja, na Idara ya Hali ya Hewa ya Australia imekiita kimbunga hicho Freddy. Jina hutolewa pale upepo wa karibu na kitovu, ukipimwa kwa wastani wa dakika 10, unapofika kilomita 63 kwa saa.

Ninaanza kukifuata kwa sababu ya mahali kilipozaliwa. Vimbunga vingi vya upande ule hupinda kuelekea kusini na kufia kwenye maji baridi, au huirudia pwani ya Australia. Hiki kina Bahari ya Hindi nzima mbele yake upande wa magharibi, na ng'ambo ya bahari hiyo ni Afrika.

Kuzaliwa kwake hakuna ajabu. Februari jua la utosi liko kusini mwa ikweta, na Ukanda Mvua umelifuata huko. Katika ukanda huo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na hewa iliyokutana haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Mvuke ukigeuka matone huliachia lile joto uliloliiba baharini wakati maji yalipokuwa yakigeuka mvuke. Hewa hupata joto, ikazidi kuwa nyepesi na kupanda, na chini yake mgandamizo hushuka. Hewa ya pembeni hukimbilia pale palipopungua, na kwa kuwa inapita juu ya bahari yenye joto, nayo hufika imebeba mvuke wake. Bahari ndiyo mafuta ya injini hii, na injini haiwaki mpaka maji yafike nyuzi joto 26.5 hivi, si juu juu tu bali hadi kina cha takriban mita 50. Maji ya kusini mwa Indonesia msimu huu yanazidi kiwango hicho.

7 Februari

Kila msimu wa vimbunga watu wa pwani ya Afrika Mashariki huuliza: kwa nini Msumbiji na Madagaska, na si Mombasa au Dar es Salaam? Jibu liko kwenye mzunguko wa dunia yenyewe. Hewa inayokimbilia kitovu haifiki moja kwa moja, kwa sababu dunia inageuka chini yake. Kusini mwa ikweta hupindishwa kuelekea kushoto, kwa hiyo badala ya kukijaza kitovu huishia kukizunguka, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Nguvu hiyo ya kupinda ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kadiri unavyoiacha. Ndani ya nyuzi tano za latitudo, mgandamizo mdogo wa hewa hujazwa na kufutika kabla haujajizungusha.

Hilo halimaanishi kwamba pwani yetu ina kinga. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, na Lindi Aprili 1952. Ni mara chache, lakini kumbukumbu zipo.

Kati ya 8 na 13 Februari

Kimepata nguvu, kikalegea, kikapata nguvu tena. Anayekilegeza ni upepo wa juu. Kimbunga ni nguzo ya hewa yenye urefu wa kilomita 15 hivi, na nguzo hiyo inapaswa kusimama wima ili joto linaloachiwa na mawingu libaki juu ya kitovu. Upepo wa tabaka la juu ukienda kasi au upande tofauti na wa chini, nguzo huinama, joto hutawanywa na mgandamizo hupanda. Tofauti hiyo ikipungua, nguzo husimama tena. Freddy kinapita katika vipande vya anga vya aina zote mbili, na watabiri hupata shida zaidi kukisia nguvu zake za kesho kuliko kukisia kitakuwa wapi.

14 Februari

Leo kimevuka longitudo 90 mashariki. Baharini hakuna alama yoyote pale, lakini kwa watabiri huo ni mpaka. Mashariki yake ni jukumu la Australia. Magharibi yake, mpaka pwani ya Afrika, ni la kituo cha Météo-France kilichoko kisiwa cha La Réunion, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekikabidhi eneo la kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Vimbunga vya La Réunion vina orodha yao ya majina, lakini aliyekwisha kupewa jina habatizwi upya, kwa hiyo Freddy kinabaki Freddy.

Macho nayo yanabadilishana zamu. Setilaiti ya Kijapani Himawari-9, iliyokuwa ikikitazama kutoka mashariki, inakiona kwa pembeni zaidi kila siku, na Meteosat-9 ya Ulaya, iliyosimama juu ya ikweta kwenye longitudo 45.5 mashariki, inakiona vizuri zaidi kila siku. Zote ziko kilomita 36,000 hivi juu. Ya kwanza huleta picha nzima ya dunia upande wake kila dakika 10, ya pili kila dakika 15.

Nani anakisukuma? Kimbunga hakijiendeshi, hubebwa na hewa iliyokizunguka. Kusini yake kuna mgandamizo mkubwa wa hewa ulionyooka kama ukuta, na pembeni mwa kaskazini mwa ukuta huo pepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukuta ukiwa mrefu na imara, njia hutabirika. Ni nadra sana uwe mrefu kiasi cha kukivusha kimbunga bahari nzima. Vya mwisho kufanya safari hiyo vilikuwa Leon-Eline na Hudah, vyote mwaka 2000. Leon-Eline kiliifikia Msumbiji iliyokuwa tayari imefurika. Ninapoona mishale ya upepo kwenye ramani ya leo, nakumbuka mwaka ule, na sipendi ninachokiona.

16 Februari

Leo nataka kukaa kwenye jambo moja: wanajuaje kasi ya upepo wake, ilhali hakuna aliye karibu nacho?

Marekani hutuma ndege kuingia ndani ya vimbunga vya Atlantiki na kudondosha vipimo. Huku hakuna ndege za namna hiyo. Meli zingeweza kupima, lakini meli husoma utabiri na kukikwepa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kadiri utabiri unavyokuwa mzuri, ndivyo vipimo vinavyopungua pale hasa vinapohitajika. Mabaharia wanabaki hai, na mtabiri anabaki na picha.

Basi anaisoma picha. Njia anayotumia ilibuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo ndiyo nguzo ya kazi hii. Kimbunga kikiwa kichanga, mtabiri huweka mchoro wa mkunjo juu ya picha na kupima ukanda wa mawingu umejisokota kukizunguka kitovu kwa kiasi gani: robo, nusu, au mzunguko mzima. Kikikomaa na kufungua jicho, hugeukia joto. Picha ya miali isiyoonekana kwa macho humwambia joto la vilele vya mawingu yanayolizunguka jicho, ambavyo huweza kushuka chini ya nyuzi 70 za baridi, na joto la ndani ya jicho lenyewe, ambako hewa inashuka na kukauka. Jicho likiwa na joto zaidi, na pete ya mawingu ikiwa na baridi zaidi bila kukatika popote, kimbunga kina nguvu zaidi. Kutoka hapo hupata namba kati ya 1 na 8, na kila namba ina kasi yake ya upepo na mgandamizo wake.

Watabiri wawili wenye uzoefu wanaweza kuitazama picha ileile na kupishana nusu namba. Kwa hiyo hutafuta shahidi wa pili: setilaiti za chini zinazopita mara moja moja na kupeleka mawimbi ya rada kwenye uso wa bahari. Upepo hukwaruza maji, maji yaliyokwaruzwa hurudisha mawimbi tofauti na maji tulivu, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa kasi ya upepo. Setilaiti ikipita pembeni tu mwa jicho, itabidi kungoja ipite tena.

19 Februari

Jicho la duara, safi, na pete isiyo na ufa. La Réunion imekipandisha hadi daraja la juu kabisa, linaloanzia kilomita 212 kwa saa. Kinaenda haraka kuelekea magharibi, na mwendo huo unakisaidia: kimbunga kinachokawia mahali pamoja hukoroga bahari na kuvuta juu maji baridi ya kina, kikajizimia moto. Hiki kila saa kinakanyaga maji mapya yenye joto.

20 Februari

Kimepita kaskazini mwa Morisi bila jicho kugusa nchi kavu. Uwanja wa ndege ulifungwa, soko la hisa likafungwa. Morisi ina ngazi nne za tahadhari ambazo kila mtu anajua zinamtaka afanye nini, na ninaamini utaratibu huo unaokoa watu wengi kuliko kompyuta yoyote.

21 Februari

Jioni hii kimeingia Madagaska karibu na Mananjary. Mji huu ulipigwa na Batsirai Februari mwaka jana, kimbunga kilichoua zaidi ya watu 120. Safari hii walikuwa wameonywa kwa siku kadhaa. Watu walihamishwa mapema, na waliobaki walipandisha mifuko ya mchanga juu ya mapaa ili mabati yasing'olewe. Mfuko wa mchanga juu ya bati ni utabiri uliomfikia mtu, akauamini, na akawa na muda wa kufanya kitu.

22 Februari

Milima ya kati ya Madagaska imelifuta jicho. Nchi kavu haina mvuke wa kukilisha, na misitu na milima huukwaza upepo wa chini. Lakini kimekivuka kisiwa haraka, na mbele yake kuna mlango-bahari wa Msumbiji, wenye maji ya joto.

24 Februari

Kimeingia Msumbiji karibu na Vilankulo, kikiwa na nguvu pungufu kuliko kilivyoingia Madagaska. Bahari ya Hindi imevukwa yote. Kwa vimbunga vingi huu ungekuwa ukurasa wa mwisho.

Mwisho wa Februari

Hakina jicho wala upepo wa kutisha, ila kinanyesha tu. Kusini mwa Msumbiji inapokea mvua siku baada ya siku, na mawingu yake yamefika Zimbabwe. Kwenye habari kimeanza kuitwa mabaki. Kwa mtabiri, mzunguko unaoonekana bado kwenye ramani ya upepo, hata ukiwa juu ya nchi kavu, ni mbegu iliyobaki hai.

2 Machi

Kimerudi baharini, katika mlango-bahari uleule kilikotoka.

Sasa kazi imekuwa ngumu. Ule ukuta wa mgandamizo mkubwa uliokibeba kutoka Australia haupo tena kwa umbo lile. Hewa iliyokizunguka inavuma kwa unyonge, huku na huku, na kitu kisichosukumwa kwa nguvu upande mmoja kinaweza kwenda popote.

Hapa ndipo inapofaa kueleza jinsi utabiri wa kompyuta unavyofanyika. Anga yote hugawanywa katika visanduku, na kila kisanduku hupewa joto, unyevu, mgandamizo na upepo wake wa sasa, kutokana na setilaiti, vituo vya ardhini, maboya, ndege za abiria, na maputo yanayorushwa sehemu nyingi za dunia saa zilezile mara mbili kwa siku, ambayo hupanda hadi kilomita 30 hivi kabla ya kupasuka. Kisha kanuni za fizikia hukokotoa kila kisanduku kitakuwaje dakika chache zijazo, na chache baada ya hizo, mpaka siku kumi mbele. Tatizo ni kwamba hali ya sasa haijulikani kikamilifu kamwe. Mwaka 1961 Edward Lorenz, huko Marekani, alirudia hesabu ya anga kwenye kompyuta yake akiingiza 0.506 mahali pa 0.506127. Baada ya muda matokeo mawili hayakufanana hata kidogo.

Kwa hiyo watabiri hawaendeshi hesabu moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati huendesha 51 kwa wakati mmoja, kila moja ikianza na hali iliyotofautishwa kidogo. Kila hesabu huchora mstari wa njia ya kimbunga. Mistari ikienda pamoja, mtabiri husema kwa uhakika. Ikitawanyika, hilo lenyewe ni taarifa, na mtabiri mwaminifu huitoa kama ilivyo: tunajua kipo, tunajua kitapata nguvu tena, hatujui bado kitaingilia wapi. Namheshimu mtu anayeweza kusema hivyo mbele ya kamera huku wakubwa wanataka jina la wilaya.

6 Machi

Bado kinazunguka mlangoni. Kusini-magharibi mwa Madagaska kunanyesha kwa sababu yake, kisiwa kilekile, safari hii kwa upande wa nyuma.

9 Machi

Njia imeanza kueleweka: Zambezia, katikati ya Msumbiji, kisha bara kuelekea kusini mwa Malawi. Idara ya hali ya hewa ya Malawi inatoa tahadhari za mvua kubwa na mafuriko.

Linalonisumbua ni ukubwa wa visanduku. Kompyuta iliyo bora kabisa ya kutazama dunia nzima ina visanduku vya kilomita 9 hivi kila upande. Ndani ya kisanduku kimoja cha namna hiyo unaweza kutia mlima, bonde, na mtaa mzima uliojengwa kwenye mteremko, na kompyuta ikavipa vyote mvua moja ya wastani. Inaweza kusema kusini mwa Malawi kutanyesha kupita kiasi. Haiwezi kusema ni mteremko upi utakaokatika, wala saa ngapi.

11 Machi

Usiku huu kimeingia Quelimane. Umeme na mawasiliano vimekatika, na kwa saa kadhaa mji mzima uko kimya kwenye taarifa.

12 na 13 Machi

Upepo umepungua tangu kiingie nchi kavu, na mtu anayesoma daraja lake tu angeweza kudhani mambo yanaelekea kwisha. Lakini kimesimama. Kitovu kiko karibu na mpaka wa Msumbiji na Malawi na hakisogei. Kwa kuwa kinazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, upande wake wa kusini unavuta hewa yenye mvuke kutoka mlango-bahari kuingia bara, na upande wa magharibi unaigeuza kwenda kaskazini, moja kwa moja kwenye nyanda za juu za Shire na mlima Mulanje, wenye kilele cha mita 3,002. Hewa ikikuta mlima hulazimika kupanda, na ikipanda huachia maji yake.

Fikiria milimita 100 za mvua. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwenye hekta moja ya mteremko, milimita 100 ni lita milioni moja, zote zikitafuta njia ya kushuka. Kusini mwa Malawi, kwa taarifa za Umoja wa Mataifa, ilipokea mvua ya miezi sita ndani ya siku sita. Udongo ukishiba maji huacha kushikana, na kwenye milima iliyopoteza miti yake hakuna mizizi ya kuuzuia.

Blantyre, mtaa wa Chilobwe, chini ya mlima Soche: katikati ya usiku tope na mawe makubwa yalishuka juu ya nyumba ambamo watu wamelala. Kulipokucha majirani walikuwa wakichimba kwa majembe na kwa mikono. Serikali imetangaza hali ya maafa kusini mwa nchi. Shule za wilaya kadhaa zimefungwa.

Tahadhari ilikuwa imetolewa. Iliwataka watu wa mabondeni na wa miteremkoni wahame. Wahamie wapi, usiku, mvua ikinyesha hivyo, na nani awagongee mlango kuwaambia kwamba mteremko wao ndio? Idara ya hali ya hewa haiwezi kulijibu swali hilo peke yake. Inahitaji mtu wa mtaani mwenye kipimo cha mvua na kipaza sauti, na jengo imara lililofunguliwa kabla ya giza kuingia. Mananjary walipata siku za kujiandaa kwa upepo unaoonekana kwenye picha ukija. Chilobwe walihitaji onyo la saa chache, la mteremko mmoja.

14 Machi

Mzunguko umefifia. Hakuna tena kitu cha kukiita Freddy. Mto Shire bado unapanda, na Malawi ilikuwa tayari katikati ya mlipuko mbaya zaidi wa kipindupindu katika historia yake. Maji machafu sasa yako kila mahali.

Julai 2024

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limemaliza kukagua kumbukumbu na kutangaza kwamba Freddy ndicho kimbunga cha tropiki kilichodumu muda mrefu zaidi kati ya vyote vilivyowahi kuandikwa: siku 36. Rekodi ya zamani ilikuwa ya John, kilichovuka Pasifiki mwaka 1994. Kwa umbali John bado kinaongoza, Freddy kikifuata kwa kilomita 12,785.

Malawi nayo ilikwisha kuhesabu. Watu 679 walithibitishwa kufa, 537 hawakuonekana tena, na zaidi ya 650,000 walihama makazi yao. Katika madaraja yanayotumika kupima nguvu za kimbunga, hakuna hata moja linalohesabu mvua. Saa ile Chilobwe ilipofunikwa, Freddy kilikuwa kimeshuka chini ya daraja la kimbunga.